Kinu cha Mama na Pilipili za Tembo

Levina wa Sanje hatupi kitu. Ukifika kwake utakuta kandambili za mguu mmoja mmoja zimening'inia ukutani zikisubiri wenzao, makopo ya rangi yamepandwa vitunguu, na mwavuli uliobaki mbavu tupu umeegemezwa kwenye banda la kuku kwa sababu, anasema, mbavu bado nzima. Ukoko wa wali anauanika juani. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye migomba. "Akiba haiozi," hiyo ndiyo salamu yake ya pili baada ya Tumsifu Yesu Kristu. Marehemu mumewe Evarist, aliyekata miwa kwenye mashamba ya sukari miaka ishirini na miwili mpaka kifua kikamgomea, alikuwa akiwaambia watu kwamba siku akifa wasimvalishe shati zuri, Levina atalifuata humo humo. Walimvalisha shati zuri. Levina akalia siku saba, na shati la pili lililobaki akalishona foronya.

Msimcheke. Mwanamke aliyelea watoto wawili kwa ekari moja ya mpunga na migomba arobaini chini ya mlima ule hana cha kutupa. Ila tuseme ukweli: hata maneno alikuwa hayatupi. Lipo neno moja alilisema akiwa na miaka arobaini na nane, akakaa nalo miaka kumi na moja, na kila Kwaresima aliliungama upya kama vile ndilo kwanza limemtoka. Padri alimwambia, "Nenda kamwambie dada yako." Levina akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akasali rozari nzima badala ya kwenda.

Neno lenyewe lilitoka hivi. Mama yao alifariki mwezi wa nne, ng'ambo ya mto, kijijini kwao njia ya Mahenge. Daraja lilikuwa bado, watu wakivuka kwa kivuko, na mwaka ule mto ulifurika mpaka kivuko kikasimamishwa. Levina alikaa siku mbili Kivukoni, upande wa Ifakara, juu ya begi lake, anayatazama maji. Huko ng'ambo maiti ilikuwa ndani, mikononi mwa dada yake Merina, aliyemzidi miaka sita. Mochwari hakuna, joto la masika unalijua, na siku ya pili maiti ikaanza kubadilika. Merina akaamua wazike. Levina alifika siku ya tatu kwa mtumbwi wa kuhatarisha roho, akakuta udongo mbichi na msalaba wa miti. Kabla hata hajavua viatu, mbele ya waombolezaji wote, akamwambia dada yake, "Mama yangu umemfukia kama mbwa."

Siku ya kugawana vitu vya marehemu, Levina alitaka kimoja tu, kinu cha mama, kinu cha mninga ambacho wote wawili walijifunzia kutwanga wakiwa hawajafika kimo chake. Merina akasema, "Chukua." Likawa neno la mwisho kati yao kwa miaka yote hiyo, mmoja Sanje, mwingine kwa mwanawe Viwanja Sitini, mji ule ule wa Ifakara ambao Levina alikwenda kuuza ndizi kila mwezi, akizunguka mtaa wa pili ili asipite mlangoni.

Sasa pilipili.

Sanje iko chini ya mlima, mlimani kuna tembo, na tembo hajui mpaka wa hifadhi. Mpunga ukianza kunukia tu, huyo anashuka. Akaja kijana mmoja mtaalamu, akawakusanya watu kumi wenye mashamba ya pembeni, akawafundisha uzio wa pilipili: unaanika, unatwanga, unachanganya na oili chafu ya gari, unachovya matambara, unayaning'iniza kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo akinusa anageuza njia. Mbegu alizogawa hazikuwa za pilipili mbuzi tuliyoizoea. Hizi zilizaa kitu chekundu kilichokunjamana, chenye kijimkia chini, na ukali wake ulimfanya mtu mzima akumbuke jina lake la ubatizo. Watu wakaziita pilipili tembo.

Mtaalamu alisema kila mmoja apande miche ishirini, inatosha. Watu tisa wakapanda miche ishirini. Mbegu zilizobaki kwenye pakiti kijana akasema zitupwe, maana zimeshafunguliwa. Levina akamwangalia kana kwamba ametukana msalaba. Mbegu inatupwa? Akazikusanya zote kwenye pindo la kanga yake, akazipanda robo ekari nzima penye kichuguu, udongo mzuri kuliko wote alionao, na kila mche ukashika. Pilipili huwa zinafanya hivyo kwa mtu asiyezihitaji.

Uzio ulikula debe moja na nusu. Tembo waligeuka kweli, sifa zao wapewe. Zilizobaki, baada ya kuanikwa juu ya mikeka mpaka uwanja mzima ukawa mwekundu, zilikuwa gunia tatu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Alianza na majirani. Odilia, ambaye ua wake unagusana na wa Levina, alitia pilipili moja kwenye maharage akamwaga maharage na sufuria akaiacha nje siku mbili. Alipeleka sokoni Ifakara, mama ntilie mmoja akanusa, akarudisha mfuko taratibu, akauliza, "Mama, hiki ni chakula au ni kesi?" Akatengeneza achari kwa ndimu na karoti, akauza chupa tatu, mbili zikarudishwa. Akatia unga wake kwenye mahindi ya akiba, na kweli dumuzi wakahama, lakini kuosha mahindi yale kulimtoa machozi ya wiki. Akachoma chache jioni moja kufukuza mbu. Mbu wakaondoka, na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kigangoni jirani nayo ikaondoka. Paroko alipelekewa chupa, akashukuru sana, na chupa ile ipo mpaka leo dirishani mwa sakristia, imejaa vile vile.

Watu wakamtania njiani: pilipili usiyoila yakuwashiani, Levina? Naye akawajibu, "Mimi naila."

Na kweli alizila. Aliapa kumaliza gunia tatu kwa mdomo wake. Kwenye muhogo wa asubuhi, kwenye dagaa, kwenye mlenda, hata kwenye ndizi mbivu. Wiki ya kwanza alikula huku akilia. Wiki ya tatu alitoka jasho tu. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anaweza kutafuna moja kavu huku anapiga soga, kama mtu anayetafuna karanga. Odilia akamwambia, "Jirani, ulimi wako umekufa." Levina akacheka, akasema haujakufa, umezoea. Alijivunia jambo hilo. Ukikosa watu wa kukusifu, hata ulimi sugu unautangaza.

Na kwa kuwa pilipili ya unga inachukua nafasi ndogo kuliko nzima, kila jioni alizitwanga. Alizitwanga kwenye kinu cha mama. Hakuwa na kingine.

Katikati ya Kwaresima akaja Valentino, mtoto wa Merina, mwenye kibanda cha vipuri vya baiskeli pale Viwanja Sitini. Alishuka kwenye pikipiki, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Kuna msiba?"

"Hapana. Bado." Akakaa. Akamweleza kwamba sukari ya mama yake imepanda, kidole cha mguu kimeshakatwa, macho yanafifia, na midomo imejaa vidonda. "Mama anasema yaishe kabla ya Pasaka. Ameshamwita mjomba Kassian kutoka kijijini. Anasema mama mdogo aje na unga."

Levina aliingia ndani akijifanya anatafuta kiti, akakaa kitandani akalia kwa furaha. Miaka kumi na moja alikuwa anasubiri aitwe. Kuitwa kuna raha yake; kwenda mwenyewe ndiko kulikokuwa kumemshinda.

Ukoo wao una utaratibu wake wa kupatana, na maneno matupu hauyaamini. Aliyekosa anatwanga unga kwa mkono wake, unga wa mchele, nyumbani kwake. Unaletwa, unatiwa maji kwenye kata. Aliyekosewa anachukua funda moja, anaushika mdomoni bila kumeza, na wakati ameushika mwenzake anasema kosa lake lote mpaka mwisho. Akimaliza, yule anaupuliza chini kati yao wawili, anasema, "Yametoka." Basi, halirudiwi tena hata kwenye ulevi. Unga ule ukiguswa na mdomo wa mtu wa tatu unaharibika. Na wazee wanasema wafu wa ukoo huwa wanasikiliza. Asiyeridhika hatakosa namna ya kusema.

Odilia alipomwona anatoa mchele wa akiba, akauliza, "Unatwangia wapi?"

"Kwenye kinu."

"Kinu hicho cha pilipili? Chukua changu."

"Unga wa mama yangu hautwangwi kwa jirani," Levina akasema. Alimaanisha vizuri. Aliona kwamba wao wawili kupatana kwa kinu kile kile ni kama mama amekaa katikati yao. Akakiosha kwa maji ya moto. Akakisugua kwa majivu, akakisugua kwa mchanga, akakianika jua la siku mbili, akakinusa. Alipomaliza kutwanga akachota unga kwa kidole, akaonja. Hakuna kitu. Akaonja tena kwa uhakika. Unga mtupu, mtamu kidogo, wa mchele mzuri wa bonde. Akataka kumpa Odilia aonje, kisha akakumbuka, akaurudisha mkono, maana mdomo wa tatu unaharibu.

Jumamosi akapanda basi la asubuhi, mfuko wa unga umefungwa kifuani.

Merina alikuwa amekaa mkekani sebuleni kwa Valentino, miguu imenyooshwa, amekonda mpaka sauti. Levina alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sogea nikuone, macho haya hayafiki mbali." Akampapasa shavu. "Umenenepa."

"Nakula kila kitu, dada. Situpi."

"Najua hutupi," Merina akasema, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza tangu kivuko kile. Mngewaona mngesema limekwisha hapo hapo. Wangeliacha hapo, wakaletewa chai, leo hii nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini mjomba Kassian, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa ametoka mbali kwa kazi moja, naye akaanza kazi yake. Levina akamimina unga kwenye kata, akatia maji, akakoroga kwa mkono wake. Merina akapokea kwa mikono miwili, akachukua funda kubwa, la mtu anayetaka jambo liishe. Akafumba mdomo. Levina akaanza kusema.

"Dada, siku ile nilifika nikakuta mmeshamzika mama. Nilikuwa nimekaa mtoni siku mbili. Nikakwambia neno ambalo mtu hamwambii hata adui." Machozi yakaanza kumtiririka Merina. Levina alipoyaona, moyo ukamfunguka, akaendelea. Akasema jinsi alivyokuwa akizunguka mtaa wa pili. Akasema kipaimara cha mtoto wa Valentino alivyokipita akiwa sokoni, hatua mia tatu kutoka hapo. Akasema juu ya kinu, kwamba alikichukua kwa hasira. Kadiri machozi ya dada yake yalivyozidi ndivyo naye alivyozidi kusema, na Merina akazidi kuushika unga mdomoni, mishipa ya shingo imesimama, mkono umekamata ncha ya mkeka, kwa sababu akiupuliza kabla mwenzake hajamaliza, msamaha umevunjika. Laiti Levina angefupisha. Alikuwa na miaka kumi na moja ya maneno, na aliyatoa yote.

Alipokaa kimya, Merina aliutema. Haukupulizwa, ulimtoka kwa kikohozi mpaka kwenye nguo. Wakamngoja aseme "Yametoka." Midomo yake ilikuwa imevimba.

"Unawaka," akasema.

"Nini kinawaka?" mjomba akauliza.

"Unga. Umewaka moto mdomoni tangu mwanzo."

Mjomba Kassian akaitazama kata muda mrefu, lakini kuonja hawezi, mdomo wake ni wa tatu. Akasema, "Levina, chukua nawe."

Levina akachukua funda, akalishika, akalizungusha. Mnajua ulimi wake. "Mjomba, sisikii kitu," akasema. "Ni unga tu." Na alikuwa anasema kweli tupu.

Mzee akainamisha kichwa. "Umewaka kwa mmoja," akasema, basi.

Merina ndiye aliyemalizia, na hakuwa na hasira hata chembe. "Mama amekataa. Si wewe, mdogo wangu, wewe umesema vizuri. Ni mimi. Alikuwa anataka nikungoje, nami sikungoja. Ningengoja siku moja tu."

"Dada, usiseme hivyo."

"Acha. Nilikuwa najua."

Levina akamfuta mdomo kwa upindo wa kanga yake, akamfuta na kifua, akabeba kata akaenda kuiosha uani. Jua lilikuwa kali, jasho linamwingia machoni. Akajifuta kwa kanga ile ile. Jicho la kulia likawaka kiasi kwamba aliiachia kata ikaanguka. Ulimi wake ulikuwa umezoea. Jicho lake halikuwa limezoea. Akasimama pale karibu na karo, jicho limefumba, na akaelewa kila kitu, kuanzia kinu mpaka machozi yale aliyodhani ni ya kusikia uchungu wa maneno yake.

Kutoka karo mpaka sebuleni ni hatua kumi na mbili. Alizitembea. Akafika mlangoni, akawaona: mjomba ameinama, Valentino anampa mama yake maji, Merina anatazama ukutani. Neno lilikuwa fupi. Ni pilipili, dada. Mtoto wa miaka minne angeweza kulisema.

Hakulisema. Aliona aibu, hilo la kwanza: mzee wa watu ametoka Mahenge, yeye ameleta unga wa msamaha kwenye kinu cha kufukuzia tembo, na Odilia alimwonya. Lakini tusimfunike sana. Kulikuwa na la pili, na Levina mwenyewe ndiye anayelijua kuliko wote. Aliposikia dada yake anasema mama alitaka wamngoje, kuna mahali padogo ndani yake palipotulia. Miaka kumi na moja alitaka mtu mmoja tu aseme hivyo. Sasa amesema mama mwenyewe, au ndivyo walivyoamini, na Levina akataka kuishika raha hiyo kidogo, siku moja mbili, kabla ya kuirudisha. Nitasema kesho, akajiambia. Akapanda basi la mchana.

Kufika Sanje alichimba shimo nyuma ya choo, akafukia gunia mbili za pilipili zilizobaki. Odilia akachungulia ua. "Vipi tena, jirani?"

"Zimeoza."

"Akiba haiozi," Odilia akamtania. Levina akashindilia udongo kwa mguu. Katika miaka yake hamsini na tisa hakuwahi kutupa kitu kingine, na Odilia alilijua hilo, akarudi kwake bila kuuliza tena.

Kesho ikawa kesho kutwa. Mpunga ulikuwa umetoa masuke na ndege hawangoji mtu, ilibidi kuamia kutwa nzima. Kisha mvua. Kisha Wiki Takatifu. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walimaliza, ila matumbo yanayoumia si lazima yawe ya anayengoja. Jumapili ya Pasaka akapiga simu. Alikuwa ameamua, alikuwa amelirudia neno lile njiani kutoka kanisani. Valentino akampelekea mama yake simu sikioni.

"Dada, Pasaka njema. Unaendeleaje?"

"Nipo. Mdomo umepona. Mpunga wako vipi?"

"Mzuri. Dada, kuhusu ile siku ya unga—"

"Usijisumbue, mdogo wangu. Mimi nawe hatuna neno. Neno liko kati yangu na mama, na tutaonana naye karibuni, nitamwomba mwenyewe." Alisema bila majonzi, kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

Ni hapo. Wala si mlangoni, ni hapo kwenye simu ambapo Levina hajisamehe. Mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho. Levina akasema, "Jumamosi ijayo nitakuja tuongee vizuri," maana aliona jambo kama lile halisemwi kwenye simu. Merina akasema karibu. Salio likaisha, au aliikata simu mwenyewe, hata yeye hana hakika.

Merina alifariki Alhamisi, asubuhi, wakati wanamchemshia uji.

Levina aliondoka saa ile ile. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimejaza kila kijito kinachoshuka mlimani, na mbele ya Mang'ula maji yalikuwa yamekata barabara. Mabasi yamepanga foleni, watu wamekaa juu ya mabegi yao. Akapiga simu, mtandao hakuna. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Alikaa anatazama maji yanavyopita juu ya lami, na alijua kabisa ni siku ngapi maiti inangoja kwenye joto lile, hata kama mjini kuna mochwari, na ni uamuzi gani mtu mwenye akili anaufanya. Akajiambia, wazike, wazike tu, sitasema neno. Siku ya tatu trekta likawavusha.

Alipofika Viwanja Sitini, mtaa mzima ulikuwa umekaa. Turubai bado limefungwa, masufuria ya msiba yamekwishaazimwa mara ya pili, wanaume wamerudi kutoka makaburini walikokwenda kuchota maji yaliyojaa kaburini, na jeneza lilikuwa sebuleni, pale pale palipokuwa na mkeka. Walikuwa wamemtoa mochwari asubuhi, kwa kubahatisha kwamba siku hiyo njia itafunguka. Watu walipomwona Levina anaingia na viatu vya tope, wakanyanyuka wote, si kwa heshima, kwa uchovu.

"Kwa nini hamjamzika?" akamuuliza Valentino. Hata salamu hakuikumbuka.

Kijana alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mama aliagiza. Alituapisha mimi na mjomba. Alisema hata maji yakate barabara, hata aanze kunuka, asizikwe mpaka mama mdogo afike. Alisema safari hii atakungoja."

Wakamfungulia kifuniko upande wa uso. Midomo ilikuwa imepona kabisa, kama alivyosema kwenye simu. Levina akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na sikio la dada yake, akalisema neno lile lote, hakuacha kitu: kwamba ilikuwa pilipili, ni pilipili tu dada, ni kinu, mama hakukataa, mama hajawahi kukataa. Alilisema mara tatu, taratibu, kwa sauti ya chini.

Akina mama waliokaa nyuma yake walidhani anasali, wakaitikia amina. Kisha wakamwomba asogee kidogo, maana watu wamengoja sana na jeneza linafungwa.